Ukuta wa Kaskazini

Bwenini, 19 Januari

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo, natumaini nawe hujambo, na shangazi pia. Hii ndiyo barua ya kwanza kukufikia, lakini ni ya nne kuiandika. Tatu nimezichana. Simu huku hawataki hata kuziona, wamezikusanya na kuzifungia kabatini hadi tufunge shule, kwa hiyo itabidi tuzoee karatasi. Kwangu si adhabu. Unaujua mdomo wangu ulivyo.

Bweni letu lina vitanda arobaini. Mimi nimepata cha juu, karibu na dirisha lisilofunga. Masomo yote ni kwa Kizungu. Hata ruhusa ya kwenda chooni lazima uiombe kwa Kizungu, na ukikosea darasa zima linacheka, kwa hiyo mimi hujibana mpaka kengele. Kizungu cha kusoma ninacho, Baba, tena kingi. Cha kusema ndicho kinachonikwama kooni kama mwiba wa samaki.

Wenzangu wakienda kucheza mimi naenda maktaba. Mtunza maktaba hasemi na mtu, nami sisemi na mtu, kwa hiyo tunaelewana vizuri.

Kuhusu siku ile uliyonileta, nimeandika mstari nikaufuta. Nitakuandikia siku nyingine.

Bustani ya hospitali haijambo?

Mwanao


Nyuma ya chumba cha kufulia, 28 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika. Nimeisoma mara mbili, kisha shangazi yako akaninyang'anya, akaenda kuisoma kwa sauti kule kwenye mashine za kufulia kama taarifa ya habari. Hiyo ya chooni wenzake wameicheka mpaka wakakaa chini. Usikasirike, ni kicheko cha kukupenda. Lakini usijibane, utaumwa.

Siku ile usiiwaze. Sanduku lilikuwa zito, basi.

Sasa sikia. Hospitali imepata Katibu mpya, kijana wa viatu vinavyong'aa. Ameniita ofisini. Miaka yote hii sijawahi kuitwa mle, nikavua viatu mlangoni, akaniambia vaa.

"Mzee, wewe ni kibarua wa kutwa?"

"Ndiyo, bosi."

"Tangu lini?"

"Tangu ule mti wa getini ulipokuwa fimbo."

Hakucheka. Akafungua faili, akasema miaka kumi na moja, nikasema kama imeandikwa humo basi ndiyo. Akanipeleka dirishani. Unaukumbuka ukuta mrefu wa wodi mpya, unaotazama kaskazini, pale mafundi walipomwaga vifusi? Anataka bustani pale. Wageni waliotoa fedha za wodi wanakuja kuifungua tarehe 15 Machi, na ndipo watakaposimama kupigwa picha.

Nikamuuliza ya vifaa. Akasema pesa hakuna. Nikauliza, hakuna kidogo au hakuna kabisa? Akasema hakuna kabisa.

Ila ameniahidi hivi: bustani ikipendeza, jina langu linaingia kwenye orodha ya waajiriwa wa kudumu, na chumba hiki tunakaa kwa haki yetu. Isipopendeza, kazi ya bustani inapewa kampuni kutoka mjini, na chumba kinaondoka na kazi. Shule yako inatoka humo humo, wajua.

Siogopi. Vifusi nimeanza kuvitoa. Maganda ya jikoni nayazika yaoze. Manesi wananiwekea chupa tupu za dripu, nazining'iniza juu ya miche zinadondosha tone tone, nawaambia hawa nao ni wagonjwa wangu.

Wewe uliye karibu na vitabu, kama kuna neno lolote juu ya bustani ya mtu asiye na kitu, niandikie.

Baba yako


Maktaba, 6 Februari

Baba,

Shikamoo. Lipo neno. Yapo maneno mengi.

Kuna kitabu kinene cha picha hapa, kimekaa rafu ya chini kabisa, nadhani hakijaguswa tangu kiletwe. Chote ni habari ya kutengeneza bustani bila fedha. Nimekisoma siku tatu. Nimekutafsiria kurasa ulizonazo mkononi, zote tano, na ule mchoro ni wangu mwenyewe, nimepima kwa rula. Sijawahi kukuambia maneno mengi hivi kwa mkupuo mmoja tangu nizaliwe.

Jambo kubwa ni hili. Kitabu kinasema, kabla ya kupanda chochote, tazama ukuta wako umeelekea wapi. Ukuta unaotazama kaskazini haupigwi na jua mwaka mzima. Ni wa baridi na unyevu. Kwa hiyo waridi na asumini usiviweke kabisa, kitabu kimekataza, vitakaa bila kuchanua. Pale pawe mahali pa mimea ya kivulini: yale majani mapana yenye madoa mekundu yanayoota nyuma ya jiko penye mfereji, ile yenye majani kama manyoya unayoing'oaga kisimani, na yale maua laini yenye mashina ya maji ambayo yakiguswa na jua hulala. Yote hayo ni ya bure, Baba, yanaota yenyewe na watu wanayatupa.

Mbele weka mstari wa chupa za dripu zilizofukiwa kichwa chini, ziwe ukingo. Katikati uache njia ya mviringo, mgeni asione mwisho wake kwa mara moja.

Likizo ya Aprili nikija, nitaleta kigoda nikae mbele yake siku nzima.

Mwanao, mtaalamu


Nyuma ya chumba cha kufulia, 20 Februari

Mtaalamu wangu,

Marahaba. Kurasa zako nimezitia kwenye mfuko wa nailoni, nimezipigilia msumari kwenye mlango wa stoo ya majembe. Kila asubuhi nasoma kwanza, ndipo nashika jembe. Wale vibarua wa usafi wananiuliza kama nimeokoka.

Nimepanda kama ulivyochora. Hatua kwa hatua. Pale ulipoandika mita moja na nusu nimepima mita moja na nusu. Majani mapana nimeyaomba kwa wapishi, wamenipa na ugomvi juu. Yale ya kisimani nimeyahamisha na udongo wake. Asubuhi ukuta una ubaridi kama tumbo la mtungi, na kila kitu kimeshika, kimesimama. Katibu alipita jana na simu sikioni, akasimama, akaiondoa simu.

"Nani amechora hii?"

"Binti yangu."

"Anasomea wapi?"

Nikamtajia shule yako. Akanitazama upya, mwanangu, kana kwamba nimevaa koti.

Nakutumia vipandikizi sita kwa yule dereva wa lori la mikate anayekuja shuleni kwenu. Nimevifunga kwenye gazeti lenye maji. Upande wa chini nimekata bapa, wa juu nimekata mshazari, usije ukachanganya. Tafuta mahali popote penye unyevu uvichomeke, uwe na kitu cha kwenda kutazama wenzako wanapocheza.

Baba yako


Nyuma ya chumba cha kufulia, 10 Machi

Mwanangu,

Nakuandikia kwa haraka. Bustani inapendeza mno, wagonjwa wanatolewa nje kuja kuitazama. Ila wageni wamesogeza safari. Si tarehe 15 tena, ni tarehe 12 Mei. Haina neno. Itakuwa imekua zaidi.

Shangazi yako anakusalimu. Ana maoni yake, lakini wewe unamjua.

Baba yako


Bwenini, 17 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefurahi, halafu nina habari mbaya, halafu nina jambo.

Habari mbaya ni kwamba likizo ya Aprili darasa letu halitoki. Tunabaki kwa masomo ya ziada. Kwa hiyo sitaiona mpaka Julai. Using'oe kitu, usihamishe kitu. Nataka niikute kama nilivyoichora. Kila nikishindwa kujibu swali darasani na kucheka kukaanza, naenda kule kichwani, napita kwenye ile njia ya mviringo. Nadhani bila hiyo ningekuwa nimetoroka.

Jambo ni siku ile. Nimeahidi kuliandika, sasa naliandika, usiku wala mchana haliniachi.

Ulibeba sanduku langu kichwani toka stendi mpaka mlango wa bweni, na viatu vyako vilikuwa na matope ya kazini kwa sababu uliomba ruhusa ya nusu siku tu. Mwalimu wa zamu akaniuliza kwa Kizungu, huyu ni nani wako? Mimi swali nililielewa. Jibu nililijua, ni neno moja, hata mtoto wa chekechea analijua. Wasichana watatu walikuwa wamesimama pale na wazazi wao wa magari. Nikatazama chini. Mwalimu akangoja, kisha akadhani wewe ni mchukuzi wa stendi, akakupa sarafu. Nawe ukaipokea kwa mikono miwili, ukasema asante mwalimu, ukaniambia mimi, "Haya binti, kazi njema," kama mtu usiyenijua. Ukaondoka bila kunishika mkono.

Nimekuwa nikijiambia ilikuwa ni woga. Mimi mwoga, kila mtu anajua. Lakini wewe nakuandikia kweli. Nusu ilikuwa woga. Nusu nyingine nilikuwa nimeviona viatu vyako.

Sasa hivi, kama mtu ataniuliza, nitasema ni baba yangu na ndiye aliyetengeneza bustani niliyoichora mimi. Hakuna anayeuliza.

Mwanao


Nyuma ya chumba cha kufulia, 2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Barua nimeipata. Mwalimu hakukosea kitu, sanduku nililibeba kweli na mchukuzi hulipwa. Ile sarafu nilinunulia mbegu. Liishe.

Bustani ni nzima. Soma.

Baba yako


Chumba cha kufulia, 19 Mei

Mwanangu,

Mimi ni shangazi yako. Kaka yangu amenikataza kukuandikia, nami nimemuahidi sitaandika. Sasa naandika.

Najua umemtumia barua tatu hakujibu. Nimeziona, anazo mfukoni, zimelainika kama noti.

Bustani haipo. Iliungua. Nisikilize vizuri, maana naona wewe na baba yako mna ugonjwa mmoja wa kunong'ona. Mimi nimefua na kuanika mashuka ya hospitali hii miaka kumi na minne. Kila mwaka, mwezi wa tatu ukielekea mwisho, nahamisha kamba zangu kutoka upande wa kusini kwenda upande wa kaskazini, kwa sababu jua linahama. Linakaa huko mpaka mwezi wa tisa, ndipo linarudi. Hilo halihitaji shule. Hata paka wa jikoni anajua, naye huhamisha pa kulala.

Habari ya wageni kusogezwa ilipokuja, nikamwambia kaka, hamisha hayo majani upande wa pili, siku kumi zinatosha, mimi nitakusaidia na ndoo. Akaniambia mchoro unasema hapa. Nikamwambia mchoro hauna ngozi, majani ndiyo yana ngozi. Akaniambia usiniingilie.

Wiki ya mwisho ya Machi jua likafika ukutani. Ukuta wenyewe mweupe, unalirudisha jua kama kioo. Mvua nayo hatukuiona. Yale maua ya mashina ya maji yalilala siku ya kwanza, na hayakuamka. Akawa anamwagilia mara nne kwa kutwa maji ya kusuuzia niliyokuwa namwekea. Majani mapana yakakauka kingo, yakawa kama karatasi iliyookolewa motoni. Mwishowe akaja kuniomba mashuka yaliyochakaa ayatundike kama kivuli. Nikampa. Yana madoa, wajua mashuka yetu, kuna madoa hayatoki hata ufanyeje.

Tarehe 12 wageni walifika saa nne asubuhi. Walikuta ukuta mzima umetundikwa mashuka ya madoa na baba yako amesimama mbele yake amevaa shati la Krismasi. Mgeni mmoja, mama mwenye kofia, akauliza kwa upole kabisa kama hapo ndipo hospitali inapoanika nguo. Katibu akajibu ndiyo. Wakaenda kupigwa picha getini, chini ya ule mti.

Kesho yake kaka akaambiwa asije. Mimi nimepewa barua ya onyo kwa ajili ya mashuka. Chumba mmepewa hadi mwisho wa mwezi, lakini yeye amehama siku ile ile. Yuko kwangu, analala kwenye mkeka kati ya meza na mlango, tukitaka kutoka tunamruka. Kampuni imekuja na zulia la plastiki lenye nyasi za kijani, wamelibandika pale kwa gundi kwa siku moja. Kaka alikwenda kulitazama. Alirudi akaniuliza kama linamwagiliwa. Nilicheka, kisha nikaona hakuwa anatania.

Sikulaumu, wewe ni mtoto na kitabu ni kitabu. Lakini yeye alijua. Muulize mwenyewe kwa nini.

Shangazi yako


Maktaba, 25 Mei

Baba,

Shikamoo. Shangazi ameniandikia, usimgombeze.

Leo saa sita mchana nimetoka nikasimama kwenye ukuta wa maktaba. Kivuli changu kilianguka upande wa kusini. Kaskazini kulikuwa kweupe, jua limejaa mpaka chini kwenye mizizi ya nyasi. Nimepita hapo kila siku tangu Januari, Baba. Sijawahi kuinua kichwa.

Kisha nikarudi nikafungua kile kitabu ukurasa wa kwanza kabisa, ule wa utangulizi ambao niliuruka kwa sababu hauna picha. Mwandishi ameeleza wazi kwamba anaandika kwa ajili ya watu wa nchi yake, mbali sana kaskazini, ambako jua hukaa upande wa kusini siku zote na halivuki kamwe. Ameandika kwa adabu kabisa. Anasema wasomaji wa kwingine wageuze. Lugha ambayo naona haya kuisema mbele ya watu, hata kuisoma nimeisoma vibaya.

Kazi yako. Chumba chetu. Miaka kumi na moja, kwa kurasa zangu tano na rula.

Shangazi anasema ulijua. Kama ulijua, kwa nini hukunisahihisha? Neno moja lingetosha. Niandikie hilo tu, mengine sina haki ya kuuliza.

Mwanao


Kwa shangazi yako, 6 Juni

Mwanangu,

Marahaba.

Nilijua. Jua nimelijua kabla sijakujua wewe. Nilipofika kwenye ile habari ya ukuta nilikunja karatasi, nikaifungua tena, nikadhani labda nimesoma vibaya.

Unakumbuka ulipokuwa na miaka tisa? Pengine hukumbuki. Ulikuwa unanifuata kila mahali bustanini, na ulikuwa unasema, tena bila kituo, mpaka mama yako, wakati huo angali hai, akawa anasema huyu atakuwa wakili. Siku moja ukachukua keni ukamwagilia kitalu cha miche ya nyanya, kwa nguvu, maji yanaruka. Nikapaza sauti, nikakuambia acha, unaivunja shingo. Ni hayo tu. Ukaiweka keni chini taratibu. Hukukanyaga tena bustanini miaka miwili, na kwangu ukabakiza ndiyo na hapana. Baadaye mama yako akatutoka, na hata hizo ndiyo zikapungua. Mimi nimekuwa nikiihesabu ile keni miaka yote hii.

Halafu siku moja zinakuja kurasa tano. Na ni baada ya ile siku ya sanduku. Nikasema moyoni, nikimwambia hapa umekosea, ndiyo basi tena.

Wala sikuwa mjinga kabisa, nilipiga hesabu. Wageni tarehe kumi na tano. Jua linavuka siku sita, saba baadaye. Tungepona. Wangepiga picha zao, ningeandikwa kwenye orodha, ndipo polepole ningebadilisha mimea, nikwambie imezeeka. Walipoahirisha ndipo nilipobanwa. Shangazi yako alikuwa na haki. Nilishika ndoo ya kwanza, tena majani mawili nilikuwa nimeshayang'oa. Siku hiyo hiyo ikaja barua yako inayosema usihamishe kitu, na ndani yake umenieleza ile siku, umenieleza yote. Nikayarudisha.

Kwa hiyo kosa si lako. Kama lazima liwe la mtu, ni langu.

Sasa niseme jingine, maana sitaki kukudanganya tena. Nazunguka na panga na mkasi wangu nyumba kwa nyumba. Watu siku hizi wamemwaga vitofali vya saruji uani, mlango hadi geti, hakuna hata tundu la kuingiza jani. Mmoja aliniuliza kama najua kusugua vitofali. Nikasema najua. Nimesugua. Kuhusu shule yako, muhula huu nilikuwa nimeshaulipia. Muhula ujao sioni njia, mwanangu. Nimetazama pande zote, siioni. Julai njoo na sanduku.

Baba yako


Bwenini, 14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Barua hii usimwonyeshe.

Nimemwandikia Baba jana, na nimemdanganya. Vile vipandikizi sita alivyonitumia Februari, nilivichomeka siku ile ile nyuma ya bafu letu penye maji yanayovuja. Vinne vilikufa. Viwili vimeota, kimoja kina majani mapya mawili, kingine kina moja. Nilivichomeka sawasawa, bapa chini, mshazari juu.

Lakini katika barua nimemwambia nimevichomeka juu chini. Nimesema naona ncha ya mshazari ni kali kwa hiyo inaingia udongoni vizuri zaidi, na kwamba Julai nikija nitachukua vingine nivipande hivyo hivyo popote tutakapokaa. Ni ujinga ambao hata mtu aliyezaliwa ghorofani hawezi kuufanya. Nimeuandika kwa kujiamini, kama nilivyoandika ule mwingine.

Nataka anigombeze, Shangazi. Nataka aandike, wewe mtoto wewe, hata macho huna? Nimemwambia mara tatu katika barua ile kwamba nikisahihishwa sitanyamaza tena. Nimeiandika na kuipigia mstari. Akinigombeza nitajua ameniamini. Shule imekwisha, hilo nimelielewa, nimeanza hata kuwapa wenzangu madaftari yangu matupu. Hili moja tu ndilo ninalolingoja.

Mtunza maktaba leo amesema nami kwa mara ya kwanza. Ameniuliza kama nitakirudisha kile kitabu kwenye rafu yake. Nimekirudisha.

Binti wa kaka yako


Kwa shangazi yako, 25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Barua imefika salama.

Nimefurahi kusikia habari za vipandikizi. Umefanya vizuri sana. Hata mimi sikuwahi kuwaza jambo la ile ncha. Endelea hivyo hivyo.

Hapa hatujambo. Shangazi yako amekuwa mkali siku hizi, ananitazama kama ninadaiwa neno. Sijui ana nini.

Nimeenda getini hospitalini, mlinzi ameniruhusu kukata matawi machache ya ule mti wangu. Nakutumia vipandikizi vingine vinane kwa dereva wa mikate, uvipande kabla hujaondoka, uache kitu huko. Utaona kila kimoja nimekifunga uzi mwekundu upande wa bapa. Hauna maana yoyote, ni urembo tu. Ila wakati wa kupanda, upande wenye uzi uufukie chini, usionekane. Uzi wenyewe umechakaa, unatia aibu mbele ya wenzako.

Baba yako